Workbook ya Bob Mould (1989): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikiitaja albamu hii, maswali yanayonirudia ni yaleyale. Nimechoka kuyajibu mojamoja kwenye simu, basi nimeyaweka mahali pamoja. Majibu mengine yamekuwa marefu kuliko swali lilivyoomba, ruka usichokihitaji.

Workbook ni albamu gani hasa?

Ni albamu ya kwanza ya Bob Mould, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, kwa jina lake mwenyewe. Ilitoka mwaka 1989 kupitia lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Virgin, baada ya bendi yake ya panki, ile roki ya kasi na makelele, Hüsker Dü, kuvunjika. Ina nyimbo 11. Jina lake ni lile la daftari la mazoezi la mwanafunzi, na si jina baya kwa mtu aliyekuwa akijifunza upya kazi aliyoifanya kwa miaka kumi.

Aliyemzoea Mould wa makelele hupigwa na butwaa akiiweka. Inafungua kwa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, bila sauti ya mwimbaji, taratibu, kama mtu anayelijaribu gitaa barazani jua linapozama. Ukiishia hapo utasema ni albamu ya utulivu. Usiishie hapo.

Hao Hüsker Dü siwajui. Walikuwa nani?

Vijana watatu wa Minnesota, Marekani: Mould kwenye gitaa, Grant Hart kwenye drams, Greg Norton kwenye besi. Walianza 1979 mjini Saint Paul. Mould alikuwa ametoka Malone, mji mdogo kaskazini mwa jimbo la New York, karibu na mpaka wa Kanada, akaja Saint Paul kusoma Macalester College. Hart alikuwa muuzaji kwenye duka la santuri, na urafiki wao ukaanzia kwenye kaunta.

Jina walilichukua kwenye mchezo wa ubaoni wa watoto. Kwa Kidenmaki na Kinorwe maana yake ni "je, unakumbuka?" Zile nukta juu ya u walijiwekea wenyewe, kwa mbwembwe tu.

Mwanzoni walikuwa wakishindana na saa. Albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa jukwaani, ina nyimbo 17 na haifiki hata dakika 27. Unamaliza chai, albamu imekwisha. Halafu mwaka 1984 wakatoa Zen Arcade, nyimbo 23 kwenye santuri mbili, simulizi ya kijana anayeikimbia nyumba yao. Kazi yote ya kuirekodi na kuichanganya ilichukua saa 85 na kugharimu dola 3,200, na nyimbo nyingi zilipigwa mara moja tu, basi. Kwa watu wa panki ilikuwa kashfa: santuri mbili, piano, hadithi ndefu! Hayo ndiyo waliyokuwa wakiwacheka wanamuziki wakubwa wa roki kwa kuyafanya.

Kinachohusika zaidi na swali letu ni kwamba bendi ilikuwa na watunzi wawili, Mould na Hart, na kila mmoja aliimba za kwake. Fahali wawili ndani ya zizi moja. Unajua methali yenyewe inavyosema.

Kwa nini bendi ilivunjika?

Sababu ziko nyingi na zimeshikana. Mwaka 1986 walihamia Warner, lebo kubwa, wakati ambapo bendi za panki za chinichini zilikuwa hazijazoea kufika huko. Mwaka huohuo Mould aliacha pombe kabisa. Hart naye alikuwa ameingia kwenye heroini. Watu wawili ndani ya gari moja la ziara, mmoja anatoka kwenye ulevi na mwingine anazama, hawawezi kutazamana kwa muda mrefu.

Februari 1987, bendi ikijiandaa kwa ziara, meneja wao, kijana aliyekuwa pia rafiki yao, alijiua. Baada ya hapo Mould akaishika mwenyewe kazi ya kuendesha mambo ya bendi. Albamu yao ya mwisho, Warehouse: Songs and Stories, ina nyimbo 20, Mould 11 na Hart 9. Watu wakishafikia kuhesabiana nyimbo, jua udugu umekwisha. Januari 1988 kila mtu alishika njia yake.

Nyimbo za Workbook alizitungia wapi?

Shamba. Alinunua nyumba ya shambani Pine City, kaskazini mwa Minneapolis, akajifungia huko na magitaa yake. Majira ya baridi ya Minnesota si mchezo: theluji inafika magotini, na baada ya saa kumi na moja jioni ni giza. Mtu aliyeishi miaka tisa ndani ya kelele, mara nyumba imenyamaza, hana bendi, hana pombe ya kumsahaulisha. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba nyimbo hizi zina nafasi nyingi katikati ya noti. Kwenye Hüsker Dü nafasi hiyo haikuwapo, gitaa liliijaza yote kama maji ya mafuriko.

"Albamu ya solo" maana yake alipiga solo tu? Au alipiga vyombo vyote?

Swali hili huwa linatoka kwa watu wa dansi, na wana haki. Kwetu mpiga solo ni yule wa gitaa la mbele, mwenzake yuko kwenye rithimu. Hapa neno lina maana nyingine: msanii ametoka kivyake, albamu iko kwa jina lake, hakuna bendi ya kugawana naye uamuzi.

Wala hakupiga kila kitu. Kwenye drams alimweka Anton Fier, kwenye besi Tony Maimone. Wote wawili wanatoka Cleveland na wote wamepitia Pere Ubu, bendi ya roki ya ajabuajabu iliyowatangulia wengi kwa mambo mengi. Fier ndiye pia mwanzilishi wa bendi ya Golden Palominos, na alipiga kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya The Feelies mwaka 1980. Hawa hawakuwa vijana wa kukodishwa waje wapige wanachoambiwa. Msikilize Fier: mtu mwenye nguvu za kuvunja ngozi ya drams, lakini hapa anajizuia wimbo mzima, anasubiri. Kusubiri huko ndiko kunakoubeba wimbo.

Selo, ile violini kubwa ya sauti nzito inayopigwa umekaa, ni ya Jane Scarpantoni. Kazi ya prodyuza, yaani kusimamia kurekodi, aliifanya Mould mwenyewe.

Selo? Kwenye roki?

Ndiyo, selo. Aliyekulia Zanzibar hahitaji kuelezwa selo inaweza kufanya nini, maana ameisikia kwenye taarab ikinguruma chini ya violini na kanuni. Kazi yake hapa haiko mbali sana na hiyo. Haikuwekwa kupamba. Katika bendi ya watu watatu gitaa la Mould ndilo lililokuwa na wajibu wa kujaza kila kona. Sasa kuna sauti nyingine nzito inayoweza kuvuta noti moja kwa muda mrefu, na gitaa limepumzika.

Scarpantoni alikuwa na bendi yake, Tiny Lights, na mwaka mmoja kabla alishapiga kwenye albamu ya bendi ya roki ya R.E.M. iitwayo Green. Siku hizi selo kwenye roki haimshtui mtu, hasa tangu bendi za miaka ya 1990 zilipoanza kukaa kwenye viti na kupiga magitaa makavu mbele ya kamera. Mwaka 1989 lilikuwa jambo la kuulizana.

Kwa hiyo aliisaliti panki?

Swali hili liliulizwa siku ileile albamu ilipotoka na linaulizwa mpaka leo. Jibu langu ni hapana, na nina sababu.

Kwanza, gitaa kavu halikuanzia hapa. Ndani ya Zen Arcade kuna wimbo wa Hart, Never Talking to You Again, usio na umeme hata kidogo. Candy Apple Grey, albamu ya Hüsker Dü ya 1986, ina nyimbo mbili za Mould, Too Far Down na Hardly Getting Over It, ambazo ungeziingiza katikati ya Workbook na hakuna ambaye angegutuka. Aliyeshangaa mwaka 1989 alikuwa hajasikiliza vizuri.

Pili, panki ni nini? Kama ni kasi na spika kubwa, basi sawa, aliiacha, walau kwa nyimbo kumi. Ila mimi nilidhani panki ilikuwa kukataa kufanya kile unachotarajiwa kufanya. Mwaka 1989 mashabiki wake walitarajia Hüsker Dü ya pili, na lebo ingeiuza kwa furaha. Akawapa selo. Akakaa mwenyewe kwenye kiti cha prodyuza, kama alivyokuwa akifanya tangu enzi za kurekodi kwa senti. Katika hilo hakubadilika hata nywele moja.

Tatu, hasira ipo. Iko palepale. Ilichopoteza ni mahali pa kujificha. Gitaa likipiga kwa nguvu zote, mwimbaji anaweza kupiga yowe na nusu ya maneno yasisikike. Kwenye bendi ilikuwa hivyo, na wengi tuliyapenda maneno tusiyoyasikia. Hapa maneno yako mbele kama mtu aliyesimama mlangoni. Hana pa kwenda.

Niongeze na hili: Mould alikuwa akimhusudu Richard Thompson, mpiga gitaa wa Uingereza aliyetoka kwenye muziki wa kiasili wa kule. Jukwaani aliupiga wimbo wa Thompson, Shoot Out the Lights. Ukimjua Thompson, mseto wa gitaa kavu na gitaa la umeme linalokaribia kupasuka hautakuwa kitendawili tena.

Ni kweli alirekodi kwenye studio ya Prince?

Kweli. Paisley Park, Chanhassen, nje kidogo ya Minneapolis, iliyofunguliwa 1987. Prince hahusiki na albamu hii zaidi ya kuwa mwenye nyumba. Mould alikuwa mtu wa Minnesota, studio nzuri ilikuwa jirani, na sasa alikuwa na bajeti.

Nianze na wimbo gani?

See a Little Light, ukiwa na haraka. Ndio uliopigwa zaidi redioni, ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya roki ya kisasa ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, chati ambayo wakati huo ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Melodia yake inang'aa, selo inacheka. Watu huwekeana kwenye harusi. Sikiliza maneno kabla hujafanya hivyo: anayeimba anamwona mwenzake akiondoka, na ule mwanga mdogo ni wa kuutafuta kwa kukodoa macho.

Nikiwa na muda na msikilizaji, humwekea Wishing Well. Inaanza kikavu, inakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka lakini hataki kuonekana anakimbia, halafu gitaa la umeme linaingia katikati na kuikata kama kisu cha nanasi. Wimbo huo mmoja unayo albamu nzima ndani yake. Baada yake linakuja Heartbreak a Stranger, ambalo ni jepesi kwa sauti na zito kwa kila kitu kingine.

Sinners and Their Repentances usiusikilize ukiwa kwenye daladala. Unahitaji chumba. Brasilia Crossed with Trenton ni mrefu, na jina lake limewahi kuniweka macho usiku: mji mkuu wa Brazili umekutanaje na mji mkuu wa New Jersey? Sijalipatia jibu linaloniridhisha na wala silihitaji tena. Gitaa linavyokwenda na kurudi kama gari moshi linatosha. Compositions for the Young and Old ni wa kuimba pamoja. Lonely Afternoon na Dreaming, I Am kwangu ni za kawaida, ingawa nina rafiki ambaye angenitoa kwenye kundi lake la WhatsApp kwa kusema hivyo.

Poison Years inamhusu Grant Hart?

Wasikilizaji wengi wameisikia hivyo tangu siku ya kwanza: wimbo wa miaka ya sumu, uliotungwa na mtu aliyetoka kwenye bendi kwa mlango wa nyuma, na gitaa ambalo kila kibwagizo linazidi kuuma. Ni vigumu kuusikia vingine. Lakini usiisikilize albamu nzima kama barua kwa Hart. Anayeshtakiwa mara nyingi zaidi humu ni mwimbaji mwenyewe.

Hart naye hakukaa kimya. Alitoa albamu yake, Intolerance, mwaka huohuo wa 1989, kwa SST, lebo yao ya zamani. Mould alikwenda lebo kubwa akatoa albamu ya gitaa kavu. Hart alirudi lebo ndogo akajaa kinanda. Zisikilize kwa kufuatana siku moja na utaelewa Hüsker Dü ilikuwa imebeba nini. Hart alifariki Septemba 2017.

Mbona nyimbo za mapenzi hazisemi mpenzi ni nani?

Umesikiliza vizuri. Mould ni shoga, na wakati huo hakuwa amelisema hadharani. Alilisema mwaka 1994. Kwa miaka mingi alitunga kwa "mimi" na "wewe", akikwepa maneno ya Kiingereza ambayo yangelazimisha kutaja mwanamume au mwanamke. Kwetu jambo hili halionekani kabisa. Kiswahili kina "yeye" moja tu, na ukiyafasiri maneno ya nyimbo hizi, kazi yote aliyoifanya ya kukwepa inayeyuka bila hata wewe kujua ilikuwapo. Kwa Kiingereza ilikuwa ni kutembea juu ya ukuta, wimbo baada ya wimbo.

Iliuza?

Si sana. Kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard ilifika nafasi ya 127. Wahakiki waliipenda, vituo vya redio vya vyuo vikuu viliipiga sana. Miaka miwili baadaye roki mbadala ilivunja mlango wa soko kubwa, na bendi zilizofanya hivyo zilikuwa zimelelewa na Hüsker Dü. Mould aliwahi mno sherehe, akakuta wenyeji wanafagia.

Nitafute toleo gani?

La 2014, liitwalo Workbook 25, lililotolewa na lebo ya Omnivore. Sauti imesafishwa, na kuna sidii ya pili yenye onyesho la Chicago la tarehe 14 Mei 1989, ukumbi wa Cabaret Metro. Jukwaani walikuwa Fier, Maimone na Chris Stamey, aliyekuwa wa bendi ya The dB's, kwenye gitaa la pili. Hilo onyesho ni dawa kwa yeyote anayedhani nyimbo hizi ni laini. Zinapigwa kwa nguvu mara mbili. Kama una la zamani, usilitupe. Studio ya 1989 haikuwa na kasoro inayohitaji kurekebishwa.

Nikiipenda hii, niende wapi?

Kama ulichopenda ni melodia, nenda Copper Blue ya Sugar, bendi aliyoiunda baadaye na David Barbe na Malcolm Travis. Jarida la NME la Uingereza liliichagua kuwa albamu ya mwaka 1992, na safari hii watu walinunua. Kama ulichopenda ni upweke, rudi nyuma kwenye Candy Apple Grey. Kama ni mtu mwenyewe, kuna kitabu cha maisha yake cha 2011, alichokiandika pamoja na Michael Azerrad, nacho kina jina la wimbo uleule wa redioni. Mtu huyu aliwahi kuacha muziki kwa muda mwaka 1999 akaenda kuandika hadithi za mieleka ya kwenye televisheni. Sikutanii.

Wimbo wa mwisho unatoa yowe na mngurumo. Nakala yangu imeharibika?

Nakala yako ni nzima. Huo ni Whichever Way the Wind Blows. Kwa nyimbo kumi Mould amekuwa akilishika gitaa la umeme kwa kamba fupi, analiachia hatua tatu, analivuta. Wa kumi na moja anaiachia kamba. Spika zinalia, sauti inakwaruza, Fier sasa anazipiga drams kama alivyokuwa akitamani tangu mwanzo, na selo haina nafasi tena chumbani. Mwaka uliofuata, akiwa na Fier na Maimone walewale, alitoa Black Sheets of Rain, na albamu hiyo nzima imepigwa hivyo. Punguza sauti kidogo kabla hujafika hapo, hasa ukiwa umevaa hedifoni.